Mwezi Niliowatangazia Watu wa Machimboni

Nitawasimulia, ila naomba kitu kimoja, anayetaka kucheka acheke mwanzoni, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Wengi wenu mnaijua nusu ya kwanza tu, ile ya Fundi Rama aliyewakusanya watu wa machimbo mazima wautazame mwezi ukipatwa, na mwezi ukakataa, na kwa hilo mmeshanitania vya kutosha (kuna mchimbaji mmoja mpaka leo akipita dukani kwangu anainua uso juu, anakohoa, anaendelea na safari yake). Hiyo nusu sina shida nayo. Ni nusu ya pili ndiyo sijawahi kuisema yote kwa mtu, hata mke wangu nilimwambia kwa kurukaruka, na aibu yenyewe iko humo.

Mimi ni fundi simu, mtoto wa Isaka, baba yangu alikuwa mpakia mizigo pale kwenye bandari kavu, na nilifika machimbo haya ya mbele ya Segese nikiwa na begi moja la vifaa na nia ya kukaa miezi mitatu. Nikakaa miaka. Msikiti wetu ni wa mabati, mdogo, watu arobaini wakiingia ni kubanana, na kipaza sauti chake nilikitengeneza mimi mwenyewe kutoka kwenye spika mbovu za baa moja iliyofungwa, kwa hiyo nikawa muadhini, si kwa uzuri wa sauti (sauti yangu mnaisikia), ni kwa sababu kile kipaza sauti kilikuwa kinanisikiliza mimi peke yangu. Imamu wetu ni Sheikh Yusufu, mtu wa Tabora, mpole, maneno machache, mtu ambaye ukimuuliza jambo asilolijua anakwambia silijui na anaendelea kunywa chai yake.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, mvua zimeshakatika, vumbi limeanza. Tulipomaliza swala ya Ijumaa Sheikh akapigiwa simu kutoka Nyahanga, pale Kahama, dada yake amezidiwa. Akatafuta pikipiki, na kabla hajapanda akaniita pembeni.

"Rama, Magharibi na Isha utasimama wewe. Soma sura fupi, usiwachoshe watu. Na kukiwa na jambo hulijui, nipigie, hata kama niko hospitali."

"Sawa Sheikh. Mungu amponye dada."

Akaondoka. Saa kumi hivi nimekaa dukani, nimefungua simu ya mtu, ujumbe ukaingia kwenye kundi letu la watu wa Isaka: leo jioni mwezi utapatwa, Afrika Mashariki yote itashuhudia. Chini yake kulikuwa na maelezo marefu ya herufi ndogo, na katika yale maelezo kulikuwa na neno "kivuli hafifu", mwezi utapita kwenye kivuli hafifu cha dunia, neno nililisoma kwa macho yangu haya mawili na nikalipita kama mtu anavyopita jiwe njiani. Nilichobaki nacho ni kwamba mwezi utapatwa, na kwamba mwezi ukipatwa kuna swala yake, na kwamba leo imamu ni mimi.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Namba ya Sheikh iko juu kabisa, ningebonyeza mara moja tu. Nikajiambia, mtu ana mgonjwa, nisimsumbue kwa mambo ya mwezi. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile na nilimdanganya mtu wa karibu kuliko wote, yaani mimi. Ukweli ni kwamba nilitaka Sheikh akirudi aambiwe na watu, Sheikh, wakati hupo Rama alifanya jambo kubwa. Nilikuwa nimechoka kuwa yule wa kubadilisha vioo vya simu.

Nikaenda msikitini, nikawasha kipaza sauti, nikatangaza. Sikutangaza kama ujumbe ulivyosema, hapana, nilitia chumvi kwa mkono mzima. Nikasema leo mwezi utaingia giza, utageuka mwekundu kama damu, ni alama katika alama za Mwenyezi Mungu, na Waislamu wote tutaswali, na wasio Waislamu pia waje waone kwa macho yao. Nikasema tukutane Jangwani.

Jangwani ni jina tulilolipa wenyewe lile eneo la mashariki ya machimbo. Zamani, wanasema wenyeji, kulikuwa na miti na watu walichunga ng'ombe, lakini miti yote ilikatwa kwenda kushikilia kuta za mashimo, na juu ya ardhi tupu ukamwagwa mchanga wa marudio, ule unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa, mwaka baada ya mwaka, mpaka pakawa na mchanga mweupe mtupu, hakuna jani, hakuna kivuli, hata mbuzi hapiti. Kwa kutazama anga hakuna pazuri kama pale. Tatizo ni kwamba hakuna umeme.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kidogo kilipozaa kikubwa. Ningeweza kuwaongoza watu kwa sauti yangu ya kawaida. Sheikh angefanya hivyo. Mimi nikataka kipaza sauti, na kipaza sauti kinataka jenereta, na jenereta iliyokuwa karibu na Jangwani ilikuwa ya duara la akina Shija, yaani shimo lao la kuchimbia, na kazi ya ile jenereta ilikuwa kuendesha pampu ya kuvuta maji shimoni.

Shija ndiye aliyekuwa msimamizi pale, Msukuma mrefu, mtaratibu, tuliheshimiana. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha shimo anafunga kamba.

"Mwadila, Shija."

"Mwadila, Fundi. Nimesikia tangazo lako. Hivi ni kweli? Watu wanasema mwezi ukipatwa aliye chini ya ardhi hatoki."

Nani alikuwa amesema hivyo? Si mimi. Lakini tangazo likishatoka mdomoni si lako tena, lilikuwa limeshapita kwenye mabanda ya mama lishe na kwenye mashine za kusaga mawe na huko limeota mikono na miguu. Ningemwambia Shija huo ni uvumi. Nikamwambia, "Bora watu watoke tu. Ni usiku wa heshima." Halafu nikamwomba jenereta.

Akaitazama pampu, akanitazama mimi. "Maji ya humu yanapanda, Fundi."

"Ni kwa muda wa saa mbili tu. Saa mbili yatapanda kiasi gani?"

Akafikiri. Akainama mdomoni mwa shimo akapiga kelele watu watoke, na watu wakapanda mmoja mmoja, akawahesabu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, wanne. Watu wake wa zamu huwa wanne. Pampu ikazimwa. Tukaibeba jenereta watu wanne mpaka Jangwani, na mimi nilishika upande mmoja nikiwa natabasamu, hilo tabasamu ningeweza kulirudisha nyuma ningelirudisha.

Jamani, watu walikuja. Nilitegemea watu sitini, sabini, wakaja watu siwezi kuwahesabu, mashine za kusaga zikazimwa moja baada ya nyingine mpaka machimbo yakawa kimya (nilikuwa sijawahi kusikia ukimya pale tangu nifike), akina mama wakaja na watoto mgongoni, wachungaji wa makanisa wakaja na waumini wao, vijana wakaja na redio, wengine wakaja na masufuria ya kugonga kama walivyofanya babu zao. Mwezi ukachomoza saa moja kasoro, mkubwa, rangi ya chungwa bivu kwa sababu ya vumbi lililotanda ukingoni mwa anga, na watu wote kwa pamoja wakasema "Aaaa!" Nikashika kipaza sauti.

"Mnaona? Mnaona wenyewe? Umeanza!"

Masufuria yakagongwa. Tukaswali Magharibi. Nilipotoa salamu na kugeuka, mwezi ulikuwa umepanda kidogo juu ya vumbi na umekuwa mweupe, mweupe kabisa, unang'aa hadi mchanga wa Jangwani unaonekana kama chumvi. Nikasema subirini. Nikaongea. Nilivyoongea siku ile sijawahi kuongea, niliongea habari za jua na mwezi na dunia, nikarudia, nikaongea habari za Kiyama, nikarudia, jenereta inanguruma pembeni yangu inakunywa petroli, na kila nikiinua macho mwezi uko vile vile, mzima kama sahani. Tukaswali Isha. Saa mbili usiku ikapita. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Fundi, labda mwezi umeishiwa chaji!" na kicheko kikapita juu ya umati wote kama upepo, na wengine wakaanza kukunja mikeka yao.

Nikatazama juu kwa nguvu zangu zote. Upande wa kushoto wa mwezi nikaona, au nikadhani naona, ukungu mdogo, kama kioo mtu amekipulizia pumzi. Mpaka leo sijui kama niliuona au niliutaka. Lakini sikusema "nadhani". Nikasema kwenye spika, "Giza limeingia! Upande wa kushoto! Simameni kwenye safu, tunaswali."

Na watu, Mungu awabariki, wakasimama. Waliniamini au walinionea huruma, sijui.

Swala ya kupatwa kwa mwezi si kama swala nyingine. Kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, unasoma, unainama, unainuka unasoma tena, unainama tena, ndipo unasujudu. Mimi nilifundishwa utotoni madrasa ya Isaka na sikuwahi kuiswali hata siku moja. Nikasoma, nikarukuu, nikainuka, na badala ya kusoma tena nikaenda moja kwa moja kusujudu. Nyuma yangu nusu ya watu wameenda chini, nusu wamesimama. Mzee mmoja akasema "Subhanallah", ndivyo imamu anavyokumbushwa akikosea, nikainuka kutoka chini, waliokuwa wamesimama wakadhani sasa ndiyo wasujudu, wakashuka mimi nikiwa napanda. Nikasikia watazamaji wanacheka waziwazi. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni kwenye kanzu. Nikaanza kusoma tena, sura ndefu, ya kuonyesha kwamba najua.

Hapo ndipo nikamsikia Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa muuza uji, mke wa mchimbaji anayeitwa Masanja, wana mapacha, Kulwa na Doto. Si Muislamu, alikuja kutazama kama wengine. Alikuwa amesimama karibu na jenereta, hatua kumi kutoka kwangu, anamuuliza Shija.

"Shemeji, Baba Kulwa yuko wapi? Namtafuta tangu jioni."

"Masanja? Masanja leo hana zamu."

"Ameingia alasiri badala ya Maganga. Maganga ana homa. Hakuwaambia?"

Nilikuwa nasoma, macho yangu yako chini kwenye mchanga, lakini masikio hayafumbwi.

"Nilihesabu wanne," Shija akasema polepole. "Maganga hakuwepo, wakatoka wanne... Bugomola si wa zamu, alikuja kumsaidia mwenzake tu, yule ndiye aliyetimiza wanne..."

"Shija. Mume wangu yuko chini?"

Kisha akapiga kelele. "Mayu wane! Mama yangu! Yuko chini! Fundi! Fundi Rama! Zima hiyo kitu, mume wangu yuko chini!"

Sasa hii ndiyo nusu ya pili.

Aliniita kwa jina. Nilimsikia. Nilijua duara lipi, nilijua pampu imezimwa tangu saa kumi na mbili kasoro, nilijua jenereta iko wapi na inafanya kazi ya nani. Na mimi niliendelea kusoma. Sikuendelea kwa ucha Mungu, msinipe heshima hiyo. Niliendelea kwa sababu nilikuwa nimeshachekwa mara mbili, na katika kichwa changu nikaona nikikata swala sasa wataniita Rama wa swala mbovu, Rama wa mwezi mbovu, nikafikiri nimalizie aya hii kwanza. Nikapandisha sauti. Kipaza sauti kiko kifuani kwangu, yeye ana koo tupu, sauti yangu ikaifunika ya kwake. Alikuwa analia na mimi nikamfunika.

Ni muda gani? Pumzi tatu. Nne labda. Nimezihesabu usiku mwingi.

Shija ndiye aliyezima jenereta. Spika ikakatika katikati ya neno, na sauti yangu ikabaki peke yake pale Jangwani, ndogo, nyembamba, kama ya mtu anayeongea usingizini, na kila mtu akanisikia bado nasoma huku yule mama anapiga kelele. Ndipo nikanyamaza. Ndipo nikageuka.

Watu walikuwa wameshaanza kukimbia. Waliokuwa safu ya kwanza nyuma yangu, wazee wazima, walikuwa wameshakata swala na kushika vyuma vya jenereta. Nikakimbia nikashika na mimi, mtu mmoja akaniambia "Toka," bila ubaya, kwa sababu nilikuwa mfupi kuliko wenzake nikawa naivuta chini, nikaachia nikakimbia pembeni yao nimebeba nyaya, kanzu inanifunga miguu.

Tulipofika shimoni ndala za Masanja zilikuwa pale kwenye kifusi, zimepangwa vizuri, moja kando ya nyingine. Zilikuwa pale tangu alasiri. Tuliziruka wote tulipokuja kuchukua jenereta.

Shija akamulika chini. Kwa kawaida mwanga wa tochi hufika chini ukutane na mawe. Ulikutana na maji.

Jenereta ikavutwa kamba, ikakohoa, ikazima. Ikavutwa tena. Mtu akafungua tangi akamulika ndani, akasema, "Petroli imeisha." Hakuna aliyenitazama na hakuna aliyehitaji kunitazama, petroli yote ilikuwa imeishia kwenye maneno yangu. Waendesha pikipiki wakaanza kunyonya petroli kwenye pikipiki zao kwa mpira, wanatema, wananyonya, wanajaza kwenye chupa za maji. Mama Kulwa alikuwa amekaa chini pembeni ya shimo, hapigi kelele tena. Nilimsogelea nikamwambia, "Mama Kulwa..." Akainua mkono kidogo tu, kama mtu anayemzuia nzi. Nikarudi nyuma.

Jenereta ikawaka. Maji yakaanza kutoka kwenye bomba, meusi, yananuka. Mashimo mengine mawili yakaleta pampu zao. Shija akajifunga kamba kiunoni akasema anashuka kusubiri juu ya maji, yakishuka na yeye anashuka nayo, na alipotafuta watu wa kuzungusha winchi nikasema mimi. Sijawahi kushuka shimoni maisha yangu yote, nilichoweza ni kushika ile winchi, na nikaishika, mimi na mwenzangu wa upande wa pili, na mikono hii iliyozoea vibisibisi vya simu ikachubuka ndani ya dakika chache nikawa nafurahi kwamba inauma.

Mtu akasema zimeni pampu kidogo tusikilize. Zikazimwa. Watu mamia juu ya kifusi, hakuna anayepumua. Halafu kutoka chini, mbali, ndani ya mwamba, tukasikia nyundo. Ko. Ko. Ko. Mtu anagonga jiwe.

Sitaeleza kelele zilizotoka pale. Mama Kulwa aliinuka akakaa tena.

Masanja alikuwa kwenye njia ya pembeni, ile inayokwenda kulia kufuata mwamba wenye dhahabu, mlango wake uko chini kuliko ndani yake. Alikuwa anachimba huko mwisho, anagonga, hakusikia alipoitwa, na wenzake wakadhani ametangulia kutoka. Alipoona maji yanamfuata miguuni akarudi mlangoni akakuta mlango umeshajaa. Kwa hiyo akapanda juu ya rundo la mawe aliyokuwa ameyavunja mwenyewe, akakaa pale, kichwa kimegusa dari, maji yanampanda, magoti, kiuno, kifua, na tochi yake ya kichwani ikafifia ikafa. Yote hayo alitusimulia baadaye. Alisema kitu kilichomsumbua kuliko maji ni kwamba hakujua kwa nini. Pampu haijawahi kuzimwa mtu akiwa chini. Alidhani labda juu kumetokea vita, au sote tumekufa.

Maji yalipungua kwa muda mrefu sana. Karibu saa nne usiku Shija akatikisa kamba mara tatu, tukazungusha, tukazungusha, na kilichotoka kwanza kilikuwa mikono, imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima, kisha uso. Alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Wakamfunika mablanketi, Mama Kulwa akamshika kichwa akakiweka kifuani kwake wala hakulia, alikuwa anamfuta matope masikioni kwa ncha ya kanga, sikio moja kisha jingine, taratibu.

Masanja akatutazama sote tuliokuwa pale, umati ule, watu wa makanisa, watu wenye kanzu, akina mama na masufuria.

"Kuna msiba?" akauliza.

Akaigeukia ile pampu.

"Mbona mlizima mashine?"

Shija alikuwa ametoka shimoni, amelala kwenye kifusi anatafuta pumzi. Akafungua mdomo. Nikaona anataka kusema ni yeye, na angesema, ndivyo alivyo. Nikasema, "Ni mimi, Masanja. Niliazima jenereta. Niliwaambia watu mwezi utapatwa."

Akanitazama. Kisha akainua macho taratibu, kama kichwa ni kizito, akautazama mwezi. Ulikuwa juu kabisa sasa, safi, unamulika kila jiwe.

"Ukapatwa?"

"Haukupatwa," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na wakambeba kwenda zahanati.

Usiku ule sikulala. Nikafungua simu nikausoma ule ujumbe wote, mpaka mwisho, zile herufi ndogo. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili chepesi tu, kwamba mwezi hautaingia kwenye kivuli chenyewe cha dunia bali utapita kwenye kivuli hafifu cha pembeni, kwamba utafifia kidogo sana, na kwamba mtu wa kawaida anaweza kutazama asione tofauti yoyote. Ilikuwa dakika moja kusoma. Chini ya dakika.

Sheikh alirudi Jumamosi adhuhuri, dada yake amepata nafuu. Alikuwa ameshasimuliwa njiani. Nikamkuta msikitini amekaa peke yake, nikamsalimia, nikakaa.

"Ulipowaambia watu wasimame," akauliza, "ulikuwa umeuona umepatwa?"

"Nilikuwa nimesoma, Sheikh."

"Sikukuuliza hivyo."

"Sikuuona."

Nikaona afadhali nimwambie na lile lingine, ambalo hakuna aliyelijua vizuri, maana watu walidhani sikusikia kwa sababu ya kelele za spika. Nikamwambia nilimsikia yule mama, akaniita, nikaendelea. Alifumba macho.

"Nilikufundisha kwamba mtu akizama unaikata swala?"

"Ulinifundisha, Sheikh."

"Basi nilikufundisha," akasema, na nawaambia ningependa angenitukana.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya watu, bila kipaza sauti, nikaomba radhi kwa ajili ya mwezi na jenereta. Walinipokea vizuri, wengine wakanishika mkono. Shija naye nilimwendea shimoni kwake, akanisikiliza, akasema, "Mimi ndiye niliyehesabu, Fundi," na sasa anahesabu kwa majina. Kisha nikaenda kwa Masanja. Alikuwa bado anakohoa, amekaa nje na mapacha wamemwegemea miguuni, akanikaribisha kigoda, akaniambia kwake yeye yamekwisha, mtu hukosea, na hata akaniuliza simu yake iliyoingia maji kama inaweza kupona (ilipona). Nilipokuwa nainuka Mama Kulwa akatoka jikoni, na mwiko mkononi. Hakuniangalia kwa hasira.

"Fundi, nataka kukuuliza kitu kimoja. Ile jioni nilikuita kwa jina. Ulinisikia?"

Jamani, jibu la kuokoka lilikuwepo. Lilikuwa limeshatengenezwa na watu wote, spika, jenereta, kelele, ningelichukua tu. Masanja mwenyewe alikuwa ananitazama kama mtu anayekusaidia useme hapana.

"Nilikusikia, Mama Kulwa."

Akatikisa kichwa mara moja. "Nilijua," akasema, akarudi jikoni.

Hiyo ndiyo habari yote, na sasa mmeisikia kutoka kwangu. Kipaza sauti cha msikiti nilimwachia mwingine na sitakishika tena, na jambo nililolisoma nusu silisemi kwa mtu hata akiwa mke wangu chumbani. Sheikh bado ananisimamisha mbele siku moja moja akisafiri, nimekataa mara nyingi na hakubali. Kwa hiyo nasimama. Nasoma sura fupi. Na nimejiapia kwamba siku yoyote nikiwa katikati ya swala, nikasikia nyuma yangu mtu ananiita kwa jina, sitamaliza aya. Nitageuka hapo hapo, acha watu wacheke.